Nilikuwa, Nimeokoka: Kanisa na Mraibu Anayerudia

Mji wa Carrollton umekaa kaskazini ya Dallas, umepitiwa na mipaka ya kaunti tatu. Kati ya mwisho wa mwaka 2022 na mwanzo wa 2023, wanafunzi wa shule zake, wengine wakiwa na umri wa miaka 13 tu, walimeza vidonge bandia vyenye fentanili; angalau watatu walifariki dunia. Februari 2023 mashtaka yalifikishwa katika mahakama ya shirikisho. Swali la mahakama ni nani aliyeuza. Makanisa ya mji huo, nayo ni mengi, yana swali gumu zaidi: aliyemeza asife, akapona, kisha akarudia, ana nafasi gani ibadani?

Jibu la haraka ni kwamba mlango uko wazi kwa wote. Ni kweli, lakini mtu huingia kanisani kwa kupitia lugha kabla ya kupitia mlango. Lugha ya uamsho, ambayo Mkristo wa Afrika Mashariki ameirithi tangu vuguvugu la Rwanda na Uganda la miaka ya 1930 na kuihamishia Texas pamoja na mizigo yake, ina sarufi yake. Nilikuwa mlevi; nimeokoka. Kiambishi -li- kinafunga yaliyopita, -me- inatangaza hali iliyotimia ambayo matokeo yake yangalipo. Ushuhuda umejengwa juu ya viambishi hivi viwili. Ndani yake hamna kauli ya mtu aliyeacha mwezi wa tatu akarudia mwezi wa tano. Huyo amebakiwa na njia mbili: kunyamaza, au kusema uongo mbele ya madhabahu.

Waamshwa wa kwanza, ikumbukwe, hawakuwa wagumu hivi. Katika vikundi vyao vya ushirika toba ilikuwa chakula cha kila juma; aliyeungama jana aliungama tena leo, na wenzake wakaimba. Katika mwongo huohuo, mwaka 1935, huko Akron, Ohio, kilizaliwa chama cha Walevi Wasiojulikana, kilichochota desturi ya kuungama hadharani kutoka kundi la Kikristo la Oxford. Mwanachama wake hujitaja kuwa mlevi kwa njeo ya sasa hata baada ya miaka 30 bila tone. Wachungaji wengine huona hilo kuwa kumkana Mungu afanyaye kiumbe kipya. Lakini Paulo mwenyewe, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, aliutaja wokovu kwa kitenzi cha tendo linaloendelea.

Mabishano haya yangeweza kuachiwa wanaisimu, kama si fentanili. Mwili ulioacha afyuni na jamii yake kwa wiki kadhaa hupoteza ustahimilivu. Kipimo kilichomlewesha mtu zamani, sasa kinamwua. Kwa hiyo aliyekwisha kupigiwa makofi kwa ushuhuda wake, akirudia kwa siri, yumo hatarini kuliko alivyokuwa kabla ya kuacha, maana chumbani hamna mwenzake wa kumpulizia naloksoni puani.

Texas ina historia ya pekee hapa. Mwaka 1997, George W. Bush akiwa gavana, jimbo liliziondolea programu za kidini za kutibu uraibu sharti la leseni. Sharti lililobaki ni kwamba zisitoe tiba ya hospitali, wala zisipokee watoto, na anayeingia atie sahihi kuwa anajua atapata maombi, maonyo na mafundisho ya Maandiko tu. Sheria hiyo ina ukweli kuliko mahubiri mengi: inalitaka kanisa likiri halina nini. Na wanafunzi wa Carrollton, kwa umri wao, hawamo ndani yake kabisa.

Wapo wanaosema methadoni na buprenofini ni kubadilisha mnyororo kwa mnyororo. Hofu hiyo si ya kijinga, kwa kuwa uhuru ni neno zito katika Injili. Hata hivyo dawa hizo hupunguza vifo, na Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikitoa methadoni tangu 2011. Kwa upande mwingine, kumlinganisha mraibu na mgonjwa wa kisukari, kama wanavyopenda madaktari, hakutoshi. Kisukari hakiuzi mkufu wa mama. Aliyeibiwa anadai kitu ambacho kliniki haina: toba, fidia, msamaha. Hapa kanisa lina kazi ambayo hakuna awezaye kuifanya badala yake, ilimradi lisidai na ya daktari.

Kanisa la Saddleback huko California, ambako mpango wa Kikristo wa Celebrate Recovery ulianza mwaka 1991, lilijifunza mpaka huo kwa uchungu. Aprili 2013 mwana wa mchungaji wake, Rick Warren, alijiua baada ya kuugua akili kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata kanisa hilo liliitisha mkutano kuhusu afya ya akili.

Katika makanisa ya Wakenya, Watanzania na Wakongo wa Texas, wauguzi na walezi wa wazee hawakosekani. Wanajua kupima mapigo ya moyo na kusikiliza pumzi, ila Jumapili ujuzi huo huachwa garini pamoja na sare. Machi 2023 serikali ya Marekani iliidhinisha naloksoni ya puani iuzwe bila cheti cha daktari. Hakuna katiba ya kanisa inayokataza kichupa hicho kukaa kabatini, kando ya mafuta ya upako.