Nafasi Kati ya Mche na Mche

Somo la wiki: Marko 4:1–20



Nilipokuwa nahudumu Kitale, nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi cha futi 10 kwa futi 9. Mwaka wa kwanza nikapanda humo miche 40 ya nyanya. Kila nilipoona pengo nililiziba, kwa maana niliona ni dhambi kuuacha udongo mzuri wa Trans Nzoia ukae bure.

Asubuhi moja kukhu (bibi mzee) mmoja wa ushirika wetu alipita, akasimama kando ya bustani, mikono ameifunga mgongoni. Akatazama kwa muda, kisha akauliza, "Mchungaji, hawa watoto wanapumulia wapi?"

Nikacheka, nikamkaribisha chai. Mwezi wa sita ulipofika nilimkumbuka.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Msimu wa mvua, mchana hunyesha na usiku umande hulala juu ya kila kitu. Miche yangu ilibanana hivi kwamba saa tano asubuhi majani bado yalikuwa yamelowa. Siku moja nikafunua jani la chini: juu lina baka la kahawia kama lililobabuka motoni, na chini yake utando mweupe wa ukungu. Ilikuwa blaiti, ile ile inayomaliza viazi. Majani yaligusana, basi ukungu ukapita kutoka mche hadi mche bila kizuizi. Katika miche 40 nilivuna sufuria moja.

Mwaka ule nilisoma upya mfano wa mpanzi. Mbegu ya njiani ililiwa na ndege. Ya kwenye mwamba ilikosa kina. Lakini ile iliyoangukia kwenye miiba haikukosa udongo. Udongo ulitosha kuilisha yenyewe na kuilisha miiba. Iliota, ikainuka, ila haikuzaa, kwa sababu ilikosa nafasi. Nami katika bustani yangu sikuwa na mwiba hata mmoja. Nyanya zilisongwa na nyanya wenzao.

Ndugu zangu, wengi wetu hatusongwi na maovu. Jumatatu ni kamati ya kanisa, Jumanne chama, Jumatano ibada ya nyumba kwa nyumba, Alhamisi mkutano wa harusi, Ijumaa kesha, Jumamosi mazishi. Kila moja ni jambo jema. Lakini mtoto akija na neno lililomlemea moyoni, anakukuta unatafuta viatu utoke.

Baadaye nilihamia Bungoma, takribani mita 1,400, ambako jua ni kali zaidi. Safari hii nilipima kwa kamba kabla ya kushika jembe: futi 3 kati ya mstari na mstari, futi 2 kati ya mche na mche. Eneo la ukubwa ule ule, futi 10 kwa 9, likachukua mistari mitatu ya miche mitano, yaani 15 tu. Miche iliyobaki ilikuwa mizima, na iliniuma kuitoa. Nikawagawia majirani.

Januari ikanifundisha somo la pili. Mapengo niliyoyaacha wazi yalipasuka kwa jua, na mahali nilipomwaga maji magugu yalichipuka kabla ya nyanya kunywa. Nikayafunika kwa nyasi kavu na mabua ya mahindi, unene wa vidole vinne, nikiacha shina lenyewe bila kuguswa. Tangu hapo nilimwagilia mara mbili kwa wiki, asubuhi, chini ya shina, maji yazame, mizizi iyafuate. Kazi iliyobaki ilikuwa kufunga kamba ya katani kwenye vijiti na kukata vichipukizi vya kwapani kila Jumamosi. Miche 15 ikatulisha, na tukawa na za kumpelekea mgonjwa.

Nafasi hupimwa, kisha hulindwa. Ukiiondoa kamati moja ili ubaki nyumbani jioni, na jioni hiyo ukaiacha wazi, simu itaota humo kama gugu. Ifunike. Zima simu, keti na wa nyumbani kwako, fungua Neno, nyamaza mbele za Mungu. Yeye aliyeamuru hata shamba lipumzike mwaka wa saba hakuamuru hivyo kwa kupenda hasara.

Wiki hii, andika yote uliyoyapanda katika siku zako saba. Chagua mche mmoja mzima, umpe mwingine autunze. Kisha watazame walio nyumbani mwako, uulize kama alivyouliza kukhu: hawa wanapumulia wapi?

Tuombe. Bwana, Mwenye shamba, tupe ujasiri wa kupanda kidogo na kukitunza. Linda nafasi tunayoiacha kwa ajili yako na kwa ajili ya wenzetu, tuzae matunda. Amina.