Siku Saba za Punda

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu akikupa nafasi ya kukijaribu kitu kabla ya kukinunua, je, wajibu wake wa kukuambia kasoro anazozijua umekwisha? Zamani ningelijibu upesi. Siku hizi sijibu upesi, na sababu ni punda.

Huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru, punda ni gari la mtu asiye na gari. Hubeba mahindi kutoka shambani na madumu ya maji kutoka mtoni, na siku za soko pale Ngaramtoni huwakuta wamefungwa pembeni wakiwangoja wenyewe. Mnunuzi mzoefu humfungua punda kinywa atazame meno, kwani meno husema umri. Huinua kwato, kisha hupitisha mkono mgongoni kutafuta makovu ya mizigo. Lakini punda wa sokoni si punda wa njiani. Aliyetulia penye kivuli huenda akapiga mateke akifungwa mzigo. Ndiyo maana watu waangalifu, wasiotaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hupatana siku za majaribio: mnunuzi huacha arabuni, humchukua mnyama, kisha hurudi na jibu.

Arabuni hiyo si matusi. Punda akishatoka kwako hujui atalala wapi, hasa tangu biashara ya ngozi za punda ilipoenea. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliridhia marufuku ya miaka 15 ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, lakini mwizi hangoji mikutano. Anayeomba arabuni anajilinda tu.

Basi, baada ya kustaafu nilitaka kumuuza punda wangu kwa shilingi 240,000. Akaja mama mmoja niliyemfundisha shule, anayekaa ng'ambo ya mto Nduruma. Tulipatana siku 7 za majaribio na arabuni ya shilingi 60,000. Nikaandika kwenye karatasi ya daftari, jirani akashuhudia. Niliandika siku, fedha, na kwamba yeye ndiye atakayemlisha. Jambo moja sikuliandika wala sikulisema: punda yule aliogopa maji yanayotembea. Nililijua kwa miaka minne. Nilijiambia, "Ana siku saba, ataona mwenyewe."

Siku ya kumchukua alipitia barabara kuu, darajani, kwa hiyo hakuona kitu. Siku ya tatu alimpitisha kwenye kivuko cha mawe akiwa na mahindi. Punda aligoma katikati ya maji, akarudi nyuma kwa kishindo, gunia likaanguka mtoni, na goti lake likachubuka vibaya. Kesho yake mama akamrudisha. Aliniamkia kama kawaida, akaomba arabuni yake. Nilimwonyesha goti. Nikasema fedha hizo zitakuwa za matibabu.

Akaniuliza, "Mwalimu, ulijua kwamba anaogopa maji?"

Nikamjibu, "Siku saba nilikupa za nini?"

Alimtazama punda, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka.

Usiku ule nilijitetea vizuri sana. Kisha nikaanza kuchunguza kama utetezi wangu ulikuwa na miguu. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba kitu kilichotolewa kwa majaribio hubaki mali ya muuzaji mpaka mnunuzi akikubali, au akitende kama chake, au akae nacho kupita muda waliopatana bila kusema kwamba amekikataa. Hasara ya ajali kwa kawaida humfuata mwenye mali, ila mnunuzi hujibu kwa uzembe wake mwenyewe. Siku ile ya tatu, basi, punda alikuwa bado wangu. Na uzembe wa yule mama ulikuwa upi? Kumpitisha punda njia ambayo kila mtu wa ng'ambo ile hupita?

Nikakumbuka pia mwalimu mwenzangu wa chuoni, Mwislamu kutoka Tanga, aliyenieleza zamani kwamba mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, wanatenganisha milango miwili. Mmoja ni haki ya kupatana muda wa kughairi, nao hauzidi siku 3. Mwingine ni haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na huu una sharti zake wenyewe. Mlango wa kwanza hauzibi wa pili. Mimi nilikuwa nimeugeuza ule wa kwanza kuwa kufuli.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu kwa macho ya kazi yangu. Fikiri mwalimu anayejua kwamba vitabu vya darasa zima vimenyofolewa ukurasa mmoja. Ananyamaza, anatunga mtihani kutoka ukurasa huo, kisha anasema, "Mlikuwa na wiki nzima ya kujisomea." Mwalimu huyo ametimiza ratiba, lakini hakufundisha. Majaribio ni ya kugundua yale ambayo wote wawili hatuyajui. Yale ninayoyajua mimi peke yangu si ya kugunduliwa, ni ya kusemwa. Nikimwacha mwenzangu ayagundue, nimemfanya alipe kwa mahindi yake bei ya ukimya wangu.

Mtu atasema kwamba muuzaji akitaja kila dosari hatauza. Sikusema kila dosari. Punda kupenda kulala kwenye majivu si neno. Lakini mnunuzi wangu alikuwa wa ng'ambo ya mto, na mto ndio niliounyamazia. Kipimo ni rahisi: kile ambacho moyo wako unatumaini hatakiona upesi, hicho ndicho cha kumwambia kwanza.

Wiki ya tatu nilivuka kwenda kwake na shilingi 60,000, pamoja na gunia la mahindi. Fedha alizipokea. Mahindi aliyakataa, akasema yale yalikuwa yake na mto. Hakunilaumu, akanipa chai. Punda nilimuuza baadaye kwa mtu wa upande wetu huu. Nilimweleza habari ya maji kabla hajafungua pochi, akapunguza shilingi 30,000.

Hasara hiyo sikuisikia sana. Ninachokisikia mpaka leo ni ile "Sawa, Mwalimu." Nilitumia miaka mingi kuwafundisha watoto kuuliza maswali, na siku mmoja wao aliponiuliza lililo la haki, nilimjibu kwa swali.