Pishi ya Kujipimia

Mnunuzi mwerevu huitazama pishi kabla ya kuutazama mchele, kwa maana pishi ikipunjwa, hata mchele mzuri humtia hasara. Katika kujipima nafsi zetu hatuna uangalifu huo. Kila mtu hujikadiria, akajiona mkubwa au mdogo, mwema au mwovu, wa kutangulia au wa kufuata. Lakini ni wachache waulizao kipimo hicho kimetoka wapi. Swali la insha hii ni moja: pishi ambayo mtu hupimia thamani yake ni mali ya nani? Ikiwa ni yake mwenyewe, basi ajionaye duni ana la kujilaumu. Ikiwa ni ya wenziwe, yapasa lawama igawanywe.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelijibu swali hili kwa njia mbalimbali. William James wa Marekani aliandika mwaka 1890 kuwa heshima ambayo mtu hujipa ni mafanikio yake yakigawanywa kwa madai yake. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alidai ubingwa wa elimu ya nafsi, aliona haya kuzidiwa katika elimu hiyo. Walakini hakuona haya kutokijua Kiyunani. Charles Horton Cooley, naye wa Marekani, alisema mwaka 1902 kuwa mtu hujitazama katika watu kama atazamavyo kioo: huwaza jinsi aonekanavyo kwao, huwaza hukumu yao, kisha huona fahari au haya. Leon Festinger akaongeza mwaka 1954 kuwa, pasipo kipimo cha hakika, mtu hujilinganisha na wenziwe, na aghalabu huchagua wale wanaokaribiana naye.

Mawazo hayo si mageni katika pwani yetu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: aliyeitunga methali hiyo alijua kuwa maneno ya watu huingia hata ndani ya kibuyu. Twende Miburani, katika kisiwa cha Mafia, penye minazi na mihogo. Mkulima wa huko hajilinganishi na tajiri wa Dar es Salaam. Hujilinganisha na yule ambaye shamba lake lapakana na lake. Mkwezi haoni haya kwa kutojua kushika usukani wa jahazi, wala nahodha haoni haya kwa kutojua kukwea mnazi. Kila mmoja amechagua jambo la kujivunia, na katika hilo ndimo afurahimo au ahuzunikamo.

Mpaka hapa James ana haki. Lakini minazi hiyo hiyo ya Mafia yatuonyesha upungufu wa hesabu yake. Katika karne ya 19, kisiwa kilipokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba ya minazi yalihudumiwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Mwaka 1890 kisiwa kilitiwa katika mamlaka ya Wajerumani, na mwaka 1922, chini ya Waingereza, utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika. Aliyekuwa na bwana akawa hana bwana. Lakini pishi haikufutwa. Neno muungwana, ambalo lilikuwa jina la mtu huru, liliendelea kuwa jina la mtu mwenye adabu, kana kwamba adabu hurithiwa pamoja na uhuru. Na posa ilipopelekwa, wazee waliuliza kufu: je, mposaji ni sawa na mposwa kwa nasaba? Swali hilo halikuhusu alilolitenda kijana, bali babu yake alikuwa nani.

Pat Caplan, mtaalamu wa elimu ya binadamu aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, alieleza kuwa huko mtu aliweza kujihesabu katika ukoo wa upande wa baba na wa upande wa mama pia. Hapo palikuwa na nafasi ya kujichagulia. Lakini ili mtu achague, sharti awe na koo za kutajwa. Aliyetekwa bara akavushwa bahari alikatwa na ukoo wake. Mjukuu wake angechagua nini? Shauri la James, la kupunguza madai ili heshima izidi, halimfai, maana hilo la nasaba hakulidai yeye. Alidaiwa.

Wako wasemao kuwa mtu huyo na ayapuuze macho ya watu. Shauri hili ni jepesi kwa asemaye na zito kwa aambiwaye. Mtu ni watu. Na asiyesikia hukumu ya yeyote hugeuka jeuri asiyeziona aibu zake. Wengine huhama, wakaficha jina la kijiji chao na kuigiza lafudhi ya mjini. Hao hawakuiacha pishi; wameazima nyingine, na mwenye nayo aweza kuwanyang'anya wakati wowote.

Naona, basi, kuwa wajibu haumwangukii apimwaye peke yake. Ikiwa ni kweli kuwa kila mmoja ni kioo cha mwenziwe, swali la kwanza la maadili si namna nijionavyo, bali namna mwingine ajionavyo anapotazamwa na mimi. Mwalimu amwitaye mwanafunzi mjinga mbele ya darasa, na mzee aulizaye nasaba kabla ya kuuliza tabia, hudhani wametoa maoni tu. Kumbe wametia kipimo ndani ya nafsi ya mtu, nacho hukaa humo hata baada ya wao kusahau. Sheria ya mwaka 1922 ilimwondoa bwana kwa siku moja. Kuiondoa pishi yake ni kazi iliyoachiwa majirani, wakwe na walimu, nayo hata leo haijesha.