Uwanja wa Jomo, Hospitali ya Jaramogi

Kisumu ina uwanja wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, na hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga kando ya barabara ya Kakamega. Mgeni akiyasoma majina hayo mawili atadhani wazee hawa walizeeka wakitembeleana. Sisi wa Kombewa tunakijua kisa, na hospitali yenyewe bado tunaiita Russia, maana ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti.

Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja kuifungua. Alirushiana maneno makali na Jaramogi mbele ya watu, zogo likazuka, na walinzi wakafyatulia umati risasi. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 11. Watu wa huku hawajaikubali hesabu hiyo hadi leo. Siku chache baadaye Jaramogi alikuwa kizuizini na chama chake cha upinzani, KPU, kimepigwa marufuku.

Alama za maridhiano tumeletewa. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa Jomo, aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma za serikali zilizopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Tarehe 9 Machi 2018 akashikana mkono na Raila, mwana wa Jaramogi, kwenye ngazi za Harambee House. Siidharau handisheki ile: ilituliza miji, na mwenye kibanda akalala bila kuwaza mabomu ya machozi. Lakini mfuko ulikwama kwenye kanuni mwaka baada ya mwaka, na pale kwenye ngazi walisimama watoto wa wakubwa.

Juzi kwenye matatu nilikaa nyuma ya mzee mwenye bahasha ya rufaa kutoka hospitali ya Kombewa. Makanga akamwuliza anakwenda wapi.

“Russia.”

“Jaduong', siku hizi ni Jaramogi,” kijana mmoja akamchokoza.

“Jina najua. Siku ile nilikuwa pale na sare ya shule. Niliyekuja naye hakurudi.” Akaipapasa bahasha, akauliza nauli ni ngapi.

Kijana akazima muziki wa simu yake.

Wapo waliowaweka wazee kama huyu mbele. Nchini Australia, Februari 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi Waaborijini waliopokonywa wazazi wao utotoni kwa amri ya serikali. Maneno yalikuwa mazuri, ila mimi kilichonigusa ni viti: baadhi ya walionyang'anywa utoto wao, sasa wazee, waliketishwa humo humo Bungeni wakiyasikia. Huku kwetu wazee wakipatanisha, manyasi, dawa yetu ya kimila, hunywewa na walioumizana wenyewe. Hakuna anayemnywea mwenzake.

Kwa hiyo ningeomba ubao pale Russia, wenye jina na umri wa kila aliyeanguka siku ile, na watu kama yule mzee waulizwe kabla fundi hajaitwa. Na waulizwe mapema, kwa sababu waliovaa sare mwaka 1969 sasa wanapanda matatu na barua za rufaa.