Mfupa Unaochelewa Kuunga

Mfupa wa mwenye kisukari huchelewa kuunga. Sisi wa Mtoni tunalijua hilo kwa macho. Wawili wakianguka na bodaboda pale Mtongani, mmoja huvua hogo baada ya wiki kadhaa, na yule mwenye sukari bado anatembelea magongo. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo, tena huzidhoofisha seli shina, zile chembe changa za ndani ya mfupa ambazo kazi yake ni kuzaa mfupa mpya.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kwamba panya wenye kisukari hupungukiwa protini moja ambayo seli hizo huihitaji. Walipoiweka palipovunjika, mfupa uliunga vizuri zaidi. Tunamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa. Lakini hao walikuwa panya. Kwa wagonjwa wetu jambo hili bado liko kwenye utafiti.

Wengi wetu tukisikia seli shina huuliza kwanza habari ya mimba changa: je, si kuua? Ni swali zito, ila hapa silo. Seli za kutibu mifupa kwa kawaida hutolewa kwenye uloto au mafuta ya mtu mzima, mara nyingi mgonjwa mwenyewe. Linalopaswa kutusumbua dhamiri limekaa nasi benchi moja.

Yapo makopo ya unga yanayouzwa kwa jina la seli shina. Muuzaji ni ndugu yetu katika Bwana, pengine anaamini kabisa anachouza, na biashara yake huanza kwa ushuhuda kwenye jumuiya. Mgonjwa hununua kwa fedha ya vikoba. Akijisikia nafuu kidogo, anaacha vidonge vya sukari, na hapo ndipo mguu unapokuwa hatarini. Seli hai haikai ndani ya unga mkavu. Na hata ingekaa, tumbo lingeisaga kama linavyosaga maharage.

Wapo wanaosema tusiwanyang'anye wagonjwa tumaini. Tunawaelewa, maana maumivu ya usiku hayana subira. Lakini amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haikumwacha nje anayedanganya kwa huruma. Na mgonjwa akikatwa mguu, aliyeshuhudia hatamlipia gongo.

Fedha ya makopo mawili matatu ingetosha nauli za kliniki pale Temeke kwa miezi kadhaa, na vipimo vya sukari juu yake. Huko mgonjwa huangaliwa miguu, na mfupa ukigoma huandikiwa kwenda MOI, Muhimbili. Tumewaomba wazee wa kanisa kwamba anayetaka kushuhudia juu ya dawa aulizwe kwanza kama anaiuza. Baadhi yao wanaona aibu kuuliza.