Siku ya Tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huichukua methali hii kuwa ni lugha ya mwenyeji aliyechoka, anayemfukuza mgeni kwa adabu. Mimi pia niliifahamu hivyo, na wanafunzi wangu niliwafundisha hivyo, mpaka siku ya mwisho ya matembezi yangu katika vilima vya Kalama, Machakos. Siku hiyo ilinizulia swali ambalo nataka tulipime pamoja: mtu atembeaye kutazama nchi ya wenziwe ana deni gani kwa nchi hiyo?

Nilitembea na rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, katika likizo ya Desemba. Tulianza Mombasa, tukaitazama Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kisha tukapanda bara mpaka nyumbani kwa mama yake, Kalama. Siku mbili nilipanda vilima na kusifu. Nilipoona matuta yamejipanga miteremkoni kama ngazi, nilisema, "Mungu amewapa nchi nzuri." Rafiki yangu alitabasamu, asijibu. Siku ya tatu tuliiweka kwa Kituluni, karibu na mji wa Machakos, ambako maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima. Wataalamu husema kwamba ni macho tu yanayodanganywa na umbo la ardhi ya pande zote. Lakini nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wangu kwamba nitakwenda nikaone, niwasimulie.

Usiku ule mvua kubwa ilinyesha. Kulipopambazuka, tuta moja la mama lilikuwa limebomoka na udongo wake umeshuka bondeni. Rafiki yangu alisimama akalitazama, kisha akasema, "Ahadi ni deni. Twende." Naungama kwamba nilifurahi. Nilijua kuwa moyo wake umebaki shambani, lakini nilijifanya sijui, kwa sababu neno lake lilinipa ruhusa niliyoitaka. Tulikuwa njiani kwenda Kola kutafuta gari tulipokutana na wanawake watano, majembe mabegani, wakielekea tulikotoka. Walikuwa majirani wa mwethya, ndio ushirika wa Wakamba wa kusaidiana kazi. Walitusalimu kwa uchangamfu, wala hapana aliyetulaumu. Salamu ile ilinichoma kuliko lawama. Majirani walikuwa wakienda, na mwana wa nyumba alikuwa akiondoka kwa ajili yangu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, deni lako nimelisamehe. Turudi."

Mama aliponiona naomba jembe alisema, "Mwanangu, mgeni halimi." Nikamjibu kwamba siku mbili zimekwisha. Alicheka, akanipa. Kutwa nzima tulichimba mfereji kukata mteremko, tukirusha udongo upande wa juu. Kazi hii huitwa fanya juu. Ukingo unaofanyika huzuia maji na udongo, na miaka ikipita shamba lililoinama huwa sawa. Hapo ndipo nilipofahamu lile tabasamu. Mungu aliwapa watu hawa mlima. Ngazi walizichonga wenyewe.

Tena hazikuchongwa kwa urahisi. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imemomonyoka vibaya. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipolazimisha mifugo ipunguzwe, Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana mpaka Nairobi kupinga. Matuta ya kuamrishwa nayo hayakupendwa. Lakini watu walipoyachimba kwa hiari yao, kwa faida yao, yalienea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa toka 1930 hadi 1990 watu wa Machakos waliongezeka kama mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua.

Pengine msomaji atasema: je, kila mtembezi achukue jembe? Asitazame tu akafurahi? Swali hili ni la haki. Kutazama si dhambi, na asiyetembea hujinyima mengi. Aidha, jembe la siku moja ni kitu kidogo. Wanawake wale wangalimaliza kazi yao bila mimi. Deni la mgeni, nionavyo, ni mambo mawili. Kwanza, aulize kila kizuri akionacho kimetoka katika mikono ya nani. Pili, asiruhusu furaha yake ilipwe na mtu ambaye, kwa heshima, hatataja bei. Rafiki mwema hukuficha hasara yake. Kwa hiyo ni juu yako kuitafuta.

Na methali je? Siku hizi naisoma vingine. Siku mbili mgeni hutendewa. Siku ya tatu hupewa jembe kwa kuwa amehesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Usiku ule tulikula isyo katika sahani moja, na mara ya kwanza mama alinituma maji kama alivyomtuma mwanawe.

Shule ilipofunguliwa, wanafunzi waliniuliza habari za Kituluni. Niliwaambia kwamba sikufika. Walinung'unika, na walikuwa na haki, maana ahadi yao niliivunja. Niliwaomba radhi, kisha nikawaeleza jinsi tuta linavyochimbwa.