Imani, Maji na Vitendo: Mas'ala ya Kuokoka kwa Wakristo

Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja afanyaye kazi bandarini Kilindini alileta swali ambalo, kwa kweli, lilitukuta hatujajiweka tayari. Alisema: "Maalim, ninaye mwenzangu wa Kikristo katika kazi. Kila siku hunambia kuwa yeye ameokoka. Nami humjibu kuwa dini yao ni nyepesi, mtu huamini tu kisha akafanya atakalo. Juzi alighadhibika, akanambia kuwa siijui dini yake. Je, ni nani mwenye haki?"

Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Lakini swali hilo halikuwa la kuchekwa. Mtu anayemjadili mwenziwe juu ya neno ambalo mwenziwe halisemi, hakumjadili mwenziwe, bali amejadiliana na kivuli. Na sisi tumeamrishwa tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo njema, na wema wa kwanza katika mjadala ni kumsemea mtu lile alisemalo mwenyewe, si lile ambalo sisi twapenda alisema ili iwe sahali kumshinda. Basi tulirudi kuvitazama vitabu vyao na tarehe yao.

Kwanza neno lenyewe. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, kusema "nimeokoka" kama asemavyo yule mfanyakazi kulienea khasa kwa ule uamsho wa Kiprotestanti ulioanza Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Uganda kisha Kenya. Watu wake walikuwa wakiungama dhambi zao mbele ya wenzao, na aliyeiba akitakiwa arudishe alichoiba. Tazama hilo kwanza, msomaji. Mtu ambaye dini yake ni kuamini tu angerudisha baiskeli ya watu kwa sababu gani?

Ama asili ya mas'ala imo katika nyaraka za Paulo, zilizoandikwa katikati ya karne ya kwanza ya Miladi. Katika waraka wake kwa Wagalatia na ule kwa Warumi, Paulo ashikilia kuwa mtu huhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa imani, si kwa vitendo vya sharia. Lakini ugomvi wake ulikuwa na nani? Ulikuwa na watu waliotaka wageni walioingia katika ule umati mpya, wasiokuwa Mayahudi, watahiriwe na wafuate sharia ya Musa. Kwa hiyo vitendo anavyovikataa Paulo, katika asili yake, ni tohara na hukumu za vyakula na siku tukufu. Mwanachuoni wa Kimarekani, E. P. Sanders, aliandika kitabu mwaka 1977 kilichowafanya wengi wa wataalamu wao wayasome upya maneno hayo. Tena Paulo huyo huyo, katika nyaraka zake, awaonya wazinzi na walevi na wezi kuwa hawataurithi ufalme wa Mungu. Basi vipi atasemwa kuwa aliruhusu kila kitu?

Kisha upo waraka wa Yakobo, nao wasema kinyume chake kwa dhahiri: kwamba mtu huhesabiwa haki kwa vitendo, wala si kwa imani peke yake. Na ajabu ni kuwa wote wawili, Paulo na Yakobo, dalili yao ni moja, nayo ni Nabii Ibrahim. Paulo asema Ibrahim aliamini ahadi ya Mola wake kabla hajatahiriwa, akahesabiwa haki. Yakobo naye asema haki ya Ibrahim ilidhihiri alipomtoa mwanawe juu ya madhabahu. (Wao husema mwana huyo ni Is-haka, hilo lina darasa yake.) Yakobo aongeza hoja ambayo Mwislamu yeyote ataielewa mara moja, ya kuwa hata mashetani wanaamini kuwa Mungu ni Mmoja, na wanatetemeka. Na sisi twajua kuwa Iblisi hakukanusha kuwako kwa Mola wake. Alisema naye na akamwomba muhula. Kilichomtoa ni kuamrishwa kusujudu akakataa.

Kwa karne nyingi nyaraka hizi mbili zilikaa katika kitabu kimoja bila ya kupasua kanisa. Aliyezigonganisha ni Martin Luther, padri na mwalimu wa Wittenberg katika nchi ya Ujerumani. Mwaka 1517 alitoa hoja zake 95 kwa sababu wahubiri walikuwa wakizunguka na hati ambazo mtu alizipata kwa kutoa fedha, ili apunguziwe yeye au maiti wake adhabu ya toharani. Luther aliona kuwa rehema ya Mungu imefanywa bidhaa ya sokoni. Alipofasiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, alilitia neno "tu" pale Paulo aliposema juu ya imani katika waraka kwa Warumi, neno ambalo katika Kiyunani halimo. Alipolaumiwa alijibu kuwa maana na lugha ya Kijerumani zalitaka. Na waraka wa Yakobo aliuita, katika dibaji yake ya mwaka huo, waraka wa majani makavu, akaupeleka mwishoni mwa kitabu, ijapokuwa hakuutoa.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwani jambo hili si la Wakristo peke yao. Sisi tuliokaa miaka mingi tukiwakataza watu wetu kununua khitima kwa fedha, na kumlipa mtu fidia ya swala ambazo marehemu aliziacha kwa makusudi miaka arubaini, tutamwelewa Luther katika ghadhabu yake kuliko wanavyodhani wengi. Yupo mtu katika miji yetu ambaye hakumpa jirani yake amani hata siku moja, na wanawe baada ya kufa kwake wakatandika majamvi, wakachinja ng'ombe, wakaona kuwa hisabu imekwisha lipwa. Basi tusicheke sana hati za Wittenberg.

Turudi. Je, Luther alisema amini kisha fanya utakalo? La. Alisema kuwa imani ya kweli huzaa vitendo vyema kama mti uzaavyo matunda yake. Kwamba matunda hayaufanyi mti kuwa mwema, bali mti mwema ndio huyatoa. Na Wakatoliki, waliomjibu katika mkutano wao mkuu wa Trent mwaka 1547, wao nao hawakusema kuwa mtu huanza kuokoka kwa vitendo vyake. Walisema mwanzo wote ni neema ya Mungu, lakini mtu huikubali neema hiyo kwa hiari yake, na vitendo vyake baadaye huizidisha haki yake, na dhambi kubwa huweza kumpotezea. Ugomvi ni wa kweli, na damu nyingi ilimwagika Ulaya katika vita ambavyo khitilafu hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zake. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia mikono yao katika tamko la pamoja ya kuwa juu ya asili ya mas'ala hii wanakubaliana, ijapokuwa yamebaki mambo. Wamethodisti waliliridhia mwaka 2006.

Alikuwako hata padri wa Kilutheri, Dietrich Bonhoeffer, aliyeandika mwaka 1937 kuwalaumu wenziwe mwenyewe kwa ile aliyoiita neema rahisi: mtu kusamehewa bila ya kutubu, na kuitwa mfuasi bila ya kufuata. Yeye alifuata hata serikali ya Hitler ikamnyonga mwezi wa Aprili 1945. Basi yule mfanyakazi wa bandarini alikuwa na haki kughadhibika. Kijana wetu alimzulia.

Lakini kuna jambo la maji, na hapa Wakristo wamekhitilafiana zaidi. Katika Injili ya Yohana mna maneno ya kuzaliwa kwa maji na roho. Mwishoni mwa Injili ya Marko, mwenye kuamini na kubatizwa ameahidiwa wokovu, na asiyeamini amehukumiwa. Wanaosema ubatizo si sharti hutambua kuwa katika nusu ya pili maji hayakutajwa. (Sehemu hiyo ya mwisho haimo kabisa katika nakala mbili kongwe, za Vatikani na Sinai, na wataalamu wao wenyewe huandika hivyo pembeni.) Mwivi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, kwa riwaya yao, aliahidiwa pepo siku ile ile bila ya tone la maji.

Kutokana na hayo, Kanisa Katoliki lasema ubatizo ni lazima, ila aliyeutaka kwa moyo akafa kabla ya kuupata, au aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, huhesabiwa kama aliyebatizwa. Walutheri, pamoja na neno lao la imani tu, hubatiza watoto wachanga na husema neema humfikia mtu katika maji hayo. Wabatisti hungoja mtu akue aamini, kisha humzamisha, lakini husema hiyo ni alama tu ya wokovu aliokwisha upata. Na hapa Kenya wako Marafiki, waitwao Wakweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na ambao wafuasi wao ni wengi huko magharibi: hawa hawabatizi kwa maji kabisa. Kadhalika Jeshi la Wokovu. Tunapowaita wote kwa jina moja na kuwajibu kwa jawabu moja, twadhihirisha ujinga wetu.

Lililo zito katika mlango huu ni la watoto. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Aljeria, aliyekufa mwaka 430, alishika kuwa kila mtoto huzaliwa na hatia ya Adamu, na akifa hajabatizwa hawezi kuingia peponi, ijapokuwa adhabu yake ni khafifu kuliko zote. Mama wangapi walilala na neno hilo kifuani! Baadaye wanavyuoni wao walilainisha wakasema kuwa kuna mahali pa watoto hao pasipokuwa na mateso, na mwaka 2007 tume ya wataalamu wa Vatikani ilitoa waraka kuwa kuna sababu ya kutumaini kuwa Mungu huwaokoa. Sisi twasema mtoto huzaliwa katika maumbile safi wala hana dhambi ya mtu. Twaona kuwa wao wamesafiri safari ndefu kukaribia pale ambapo moyo wa mama ulikuwa tangu mwanzo.

Na maji bila ya moyo hufanya nini? Mombasa yajua. Baada ya mfalme wa Mombasa, Hasan bin Ahmed, kuuawa mwaka 1614, Wareno walimchukua mwanawe Yusuf hata Goa, wakamlea na kumbatiza kwa jina la Jerónimo, kisha wakamrudisha kumtawaza. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ndani ya Ngome akamwua kapteni wao, akarudi katika Uislamu, na Wakristo wengi wa mji wakauawa, wanaume, wanawake na watoto. Hatuyasemi haya kwa fahari. Kuua wanawake na watoto si ushindi wa dini yoyote. Lakini mtoto yule alitiwa maji na watu wa dola iliyomwua babaye, na katika waliouawa siku zile walikuwamo Waafrika waliobatizwa ambao walikataa kuiacha imani yao. Maji ni yale yale, na watu mbali mbali.

Katika umma wetu pia mas'ala hii imepita, tena mapema. Makhawariji walisema mwenye kutenda dhambi kubwa ametoka katika Uislamu. Murjia walisema imani haidhuriwi na dhambi. Imamu Abu Hanifa hakukihesabu kitendo katika asili ya imani. Imamu wetu Shafi, radhi za Mungu ziwe juu yao, alisema imani ni kauli na kitendo, huzidi na hupungua. Na jumuiya ya Masunni wamekubaliana kuwa mwenye dhambi aliyekufa ni Mwislamu yu katika hiari ya Mola wake. Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafunza Masahaba kuwa hapana mmoja atakayeingia peponi kwa amali yake, hata yeye mwenyewe, ila Mungu amfunike kwa rehema. Mkristo akiisikia hadithi hiyo atadhani imetoka kwake.

Basi khitilafu yetu nao haimo katika kuwa sisi ni watu wa vitendo na wao ni watu wa imani. Imo katika swali la mlango ambao rehema hupitia. Wao husema dhambi ililipiwa na mtu mwingine msalabani, na imani ni kuyapokea malipo hayo. Sisi twasema nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine, na Mwenye kusamehe hahitaji kulipwa na yeyote ndipo asamehe. Mjadala wa haki ungekuwa hapo, nao ni mjadala mzito ambao hauishi kwa kucheka.

Kijana aliyasikiliza yote, kisha akauliza la pili: "Na yeye mwenzangu, akifa hivyo, hukumu yake ni nini?" Tulimtajia aliyoyaandika Imamu Ghazali katika Faysal al-Tafriqa: kwamba aliyekuwa hajafikiwa na khabari ya Mtume ana udhuru, na aliyefikiwa na khabari yake ya kweli, akakaa na Waislamu akaziona dalili akakanusha, hana udhuru, na aliyefikiwa na jina lake limegeuzwa na kuchafuliwa, yu pamoja na wa kwanza. Kijana akanyamaza kidogo, akasema: "Mwislamu wa kwanza aliyemjua maishani mwake ni msimamizi wetu wa zamani, aliyekuwa akitukata mshahara na kwenda kuswali. Na wa pili ni mimi. Je, khabari iliyomfikia ni ipi?" Muadhini wa Isha aliadhini, na darasa ikavunjika hatujamjibu.